Wekundu na Buluu wa Spakenburg

Mara ya kwanza nilipofika De Westmaat, eneo la michezo la Spakenburg huko Uholanzi, kijana aliyesimama getini aliniuliza nimekuja kwa Wekundu au kwa Buluu. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la kutoka Amersfoort, daftari mkononi, na sikuwa na jibu. Nikamwambia nimekuja kutazama mpira. Akanyoosha mkono: hawa huku, wale kule. Viwanja viwili vya klabu mbili hasimu za mpira, kila kimoja na jukwaa lake na kantini yake, vimekaa bega kwa bega katika kijiji cha wavuvi ambacho unaweza kukimaliza kwa miguu asubuhi moja.

Kazi yangu ni kuchunguza historia ya vyama vya michezo, na watu huniuliza kwa nini napoteza muda na timu za vijijini wakati Uholanzi ina Ajax na Feyenoord. Jibu langu ni Spakenburg. Huko ndiko nilikoelewa klabu ni kitu gani.

Tuanze na maji. Spakenburg, ambayo pamoja na Bunschoten ni manispaa moja yenye watu 20,000 na ushei, ilikuwa bandari ya Zuiderzee, ghuba kubwa ya maji ya chumvi iliyoingia hadi katikati ya nchi. Wanaume walivua heringi na dagaa wa ansjovis kwa boti za mbao zenye tumbo bapa ziitwazo botter. Januari 1916 dhoruba ilivunja kingo za bahari. Spakenburg iliumia sana. Boti zilirushwa nchi kavu, zikagonga nyumba. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria ya kuifunga ghuba ile, mpango uliokuwa umechorwa miaka mingi nyuma na mhandisi Cornelis Lely. Tarehe 28 Mei 1932 pengo la mwisho la tuta la Afsluitdijk likazibwa. Heringi hakuweza tena kuingia kutaga mayai. Maji yakapoteza chumvi kidogo kidogo, bahari ikawa ziwa, na ziwa likaitwa IJsselmeer.

Siku nne tu baada ya pengo lile kuzibwa, tarehe 1 Juni 1932, ilianzishwa klabu ambayo leo inaitwa IJsselmeervogels, yaani ndege wa IJsselmeer. Sisemi kwamba tuta lilizaa klabu. Tarehe kukaribiana si ushahidi. Lakini kila ninapolisoma jina lile najiuliza vijana wa nyumba za wavuvi, ambao kazi ya baba zao ilikuwa inakatwa mbele ya macho yao, walijisikiaje kukusanyika siku zile na kuunda kitu chao wenyewe. Hao ndio Wekundu. Buluu, yaani SV Spakenburg, walikuwa wameshatangulia kidogo, tarehe 15 Agosti 1931. Masimulizi ya kijiji huwapa Wekundu wavuvi, na Buluu wakulima na wenye maduka. Mgawanyo huo hauko safi hivyo siku hizi, ila mtu bado huzaliwa na rangi yake kama anavyozaliwa na jina la ukoo.

Sasa jambo ambalo mgeni hulikosa: Jumamosi. Kijiji hiki ni cha Waprotestanti wa mkondo wa Calvin, na Jumapili ni siku ya kanisa. Kucheza mpira siku hiyo halikuwa jambo la kujadiliwa. Kilichofungua njia ni sheria ya kazi ya 1919, iliyopunguza saa za kazi na kuwaachia wafanyakazi alasiri ya Jumamosi. Wavuvi nao walikuwa wanarudi bandarini mwishoni mwa wiki. Kwa hiyo ilikuwepo nafasi ndogo, kati ya kushusha nyavu na kengele ya kanisa, na mpira ukaingia hapo hapo. Kwa miongo mingi Uholanzi ilikuwa na soka mbili zinazoishi sambamba, ya Jumamosi na ya Jumapili, kila moja na ligi zake na bingwa wake. Hata vyama vilikuwa tofauti: Waprotestanti na chao, Wakatoliki na chao, vyama vya wafanyakazi na chao, mpaka 1940, chini ya uvamizi wa Wajerumani, vyote vilipounganishwa katika chama kimoja cha taifa.

Soka la kulipwa liliingia Uholanzi mwaka 1954. Klabu za Jumamosi zikabaki za ridhaa. Nalipenda sana neno hili la kwetu, ridhaa, kwa sababu linasema vizuri kuliko maneno mengi ya Ulaya: mtu yupo kwa kuwa ameridhia. Kwa Mholanzi klabu ya kijiji ni chama cha wanachama. Unalipa ada, unapiga kura kwenye mkutano mkuu wa mwaka, na unatarajiwa kubeba kazi fulani. Huyu anachora mistari ya uwanja, yule anafua jezi za watoto, mwingine anakaanga viazi kantini. Kikosi cha kwanza, kile tunachokiona kwenye runinga, ni ncha tu ya mkuki. Nyuma yake kuna timu za watoto, za wasichana, na za wazee wanaokimbia kidogo na kucheka sana. Ukifungua madaftari ya vikao ya klabu za namna hii utakuta mambo yale yale kila mahali: nani hajalipa ada, mpira umepasuka, nani atachukua funguo.

Usidhani ridhaa maana yake ni udhaifu. Msimu wa 1974/75 IJsselmeervogels iliingia Kombe la Uholanzi, ikazitoa klabu za kulipwa na kufika nusu fainali, ilikotolewa na FC Twente. Tangu soka la kulipwa liingie, hakuna klabu ya ridhaa iliyokuwa imewahi kufika hapo. Mwaka huo wavuvi wale walitangazwa timu bora ya michezo ya Uholanzi, mwaka mmoja tu baada ya timu ya taifa ya Johan Cruijff kucheza fainali ya Kombe la Dunia. Nikiandika sentensi hii bado nasisimka.

Halafu 2011. Wekundu walitwaa ubingwa wa ridhaa wa nchi nzima, na mlango wa Eerste Divisie, daraja la pili la kulipwa, ukawa wazi. Hawakupanda. Wenzangu wengi waliona ni woga. Mimi naona walipiga hesabu sahihi. Daraja lile huchezwa zaidi Ijumaa usiku, linadai mikataba na bajeti ya kampuni, na lingeing'oa timu ya kwanza kutoka kwenye Jumamosi iliyoshikilia kila kitu kingine. Zaidi ya hapo, lingewanyima dabi. Watani wa jadi wanaotenganishwa na uzio wakikutana huja maelfu ya watu, na kijiji hakizungumzi kingine wiki nzima. Tangu 2016 kuna Tweede Divisie, daraja la juu kabisa la ridhaa, na klabu zote mbili zimeshacheza humo.

Zamu ya Buluu ilikuja 2023. Januari waliifunga klabu ya kulipwa ya FC Groningen 3-2 ugenini katika Kombe la Uholanzi. Mwisho wa Februari wakaenda Utrecht, kwa klabu kubwa ya mkoa wao wenyewe, wakashinda 4-1. Aprili PSV, moja ya klabu kubwa za nchi, wakalazimika kuja De Westmaat kucheza nusu fainali. Walishinda, lakini kwa 2-1 tu, na mwisho wa mwezi huo PSV hao hao wakachukua kombe.

Jumamosi ya mwisho niliyokwenda, watoto walianza kucheza asubuhi mapema, nyasi zikiwa bado na umande. Kantini ya Buluu palikuwa na bibi mmoja aliyevaa mavazi ya asili ya Spakenburg, pamoja na kraplap, kitambaa cha mabegani kilichotiwa wanga mpaka kikasimama kama ubao. Wanaoyavaa kila siku sasa wamebaki wachache, wengi wao wazee. Juu ya wanga ule alikuwa amezungusha skafu ya buluu. Alimaliza kahawa yake, akaivua skafu, akaikunja na kuitia mkobani. Kisha akatoka getini na kuingia upande wa pili, kwa sababu mjukuu wake alikuwa anaanza mechi na fulana nyekundu.