Kikojozi hakuchezea moto
Tuliambiwa ukichezea moto mchana, usiku utakojoa kitandani. Moto hauhusiki, wala uvivu. Mtoto hulala fofofo, kibofu kinajaa naye hashtuki. Wengine miili yao bado haitoi usiku homoni ya kutosha ya kupunguza mkojo. Mara nyingi ni urithi: muulize bibi yake, huenda hata godoro la baba mtu lilianikwa uani kila asubuhi. Choo kigumu nacho hukandamiza kibofu, na hili wengi hulisahau. Chini ya miaka 5 ni kawaida kabisa. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze jioni, akojoe kabla ya kulala. Tandika nailoni chini ya shuka. Fimbo weka kando. Aliyekaa mkavu miezi 6 kisha akaanza tena, mpeleke akapimwe mkojo na sukari.