Kifundo cha Mguu Hakikandwi: Maswali na Majibu Kuhusu Uchakavu wa Kifundo na Upasuaji Wake

Maswali haya nimeyapata kwenye benchi la kliniki ya mifupa hapa Dodoma, ambako ninafanya kazi ya uuguzi. Wanaoyauliza hutoka mjini na vijijini: Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa. Maswali yanafanana kwa sababu makosa yanafanana.

Uchakavu wa kifundo ni nini?

Ni kulika kwa gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ili iteleze bila kusagana. Katika kifundo cha mguu gegedu hiyo ina unene wa milimita 1 hadi 2 tu, na ikiisha mfupa husaga mfupa. Mgonjwa huumwa anapotembea, kifundo huvimba jioni, na asubuhi hukakamaa.

Mama yangu ana miaka 80 na anatembea vizuri. Kwa nini mimi wa miaka 45 niwe na ugonjwa wa wazee?

Kwa sababu huu si ugonjwa wa wazee. Goti na nyonga mara nyingi huchakaa kwa umri, lakini kifundo huchakaa zaidi kwa kuumia: kwa wagonjwa 10 wa uchakavu wa kifundo, 7 au 8 waliwahi kuvunjika au kuteguka vibaya miaka kadhaa kabla ya maumivu kuanza. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni moja: uliumia mwaka gani? Wengi hukana. Baba mmoja mkulima wa zabibu aliniambia hajawahi kuumia hata siku moja, nami nikamwomba avue kiatu. Kisigino cha kiatu kilikuwa kimelika upande wa nje hadi karibu na soli ya ndani, na tulipoiinua picha ya eksirei dirishani, mfupa mwembamba wa pembeni ulionekana umeunga ukiwa umepinda. Hapo akakumbuka. "Ile ya pikipiki? Ile niliteguka tu, bibi akanikanda." Ilikuwa miaka 11 iliyopita.

Lakini nilipoumia niliweza kukanyaga. Si dalili kwamba mfupa haukuvunjika?

Hapana. Narudia: hapana. Mtu aliyevunjika mfupa mwembamba wa pembeni anaweza kukanyaga, akachechemea hadi nyumbani na kesho yake akaenda shambani. Kukanyaga peke yake si kipimo. Hospitalini tunaangalia mambo mawili, na hata wewe unaweza kuyaangalia. Kwanza, je, uliweza kutembea hatua 4 mara tu baada ya kuumia, na unaweza kuzitembea sasa? Pili, bonyeza kwa kidole ncha na ukingo wa nyuma wa zile nundu mbili za kifundo, ya ndani na ya nje: je, maumivu yako juu ya mfupa wenyewe? Ukishindwa hatua 4, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, unahitaji eksirei.

Kwa nini hamtaki tukande? Wazee wetu wamekandwa na wakapona.

Waliopona walikuwa wameteguka kidogo, na wangepona hata bila kukandwa. Waliokuwa wamevunjika ndio hao ninaowaona kliniki.

Mfupa wa chini wa kifundo umekaa katikati ya mifupa miwili ya muundi kama kigingi kilichochongwa sawasawa na tundu lake. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1976 yalionyesha kwamba mfupa huo ukihama pembeni kwa milimita 1 tu, eneo ambalo mifupa hugusana hupungua kwa takriban asilimia 42. Uzito ni uleule na mahali pa kuubeba pamepungua karibu nusu, kwa hiyo gegedu husagika kila hatua kwa miaka yote inayofuata. Hakuna mkono wa mkandaji, hata uwe na baraka kiasi gani, unaoweza kuihisi milimita moja chini ya uvimbe. Kukanda kwa maji ya moto huongeza uvimbe, kuvuta na kupinda huhamisha mfupa uliokuwa haujahama, na kuchanja ngozi kwa wembe ili kutoa "damu mbaya" huingiza vijidudu. Kifundo kilichovunjika hakikandwi. Kilichoteguka nacho kisikandwe hadi kipimwe, kwa kuwa kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Ninameza diklofenaki na ninapata nafuu. Kuna haja ya upasuaji?

Pengine bado. Kupunguza uzito, kushika fimbo mkono wa upande wa pili, kuvaa kiatu kigumu kinachoshika kifundo, na hata sindano ndani ya kiungo huwapa wengine nafuu ya muda mrefu. Lakini kununua diklofenaki dukani kila wiki kwa miaka bila kupimwa figo wala shinikizo la damu si matibabu, na vidonda vya tumbo vinavyotokana nayo nimeviona vya kutosha.

Upasuaji wenyewe ni upi?

Uchakavu ukiwa mdogo, daktari anaweza kukwangua miiba ya mfupa iliyoota mbele ya kifundo. Mfupa ukiwa umeunga vibaya na gegedu bado ipo, anaweza kuukata na kuunyoosha. Hao waliowahi ndio wenye nafasi hiyo. Wengi wetu tunafika gegedu imekwisha, na hapo hubaki njia mbili: kuunganisha kifundo au kukibadilisha.

Kuunganisha maana yake ni kuondoa gegedu iliyobaki, kuikutanisha mifupa na kuikaza kwa skrubu au vyuma ili iote kuwa mfupa mmoja. Kwa kawaida mifupa huunga kwa watu 9 kati ya 10 au zaidi. Kubadilisha ni kuweka kiungo bandia cha chuma na plastiki ili kifundo kiendelee kucheza. Humfaa zaidi mtu mwenye umri mkubwa, asiye mzito sana na asiyefanya kazi ngumu, ambaye mifupa yake ni imara na hana usaha wala ganzi ya miguu. Kiungo bandia nacho huchakaa, na huenda siku moja kikahitaji kupasuliwa tena. Kwa kijana anayelima au kubeba mizigo, madaktari wengi huchagua kuunganisha.

Kifundo kikiunganishwa si nitakuwa kilema?

Neno hili ndilo huwakimbiza watu, na wanaporudi wamepoteza miaka mingine mitano. Huwa namuuliza mgonjwa: sasa hivi kifundo chako kinacheza kiasi gani? Mara nyingi hakichezi, kimekakamaa na kinauma. Upasuaji huondoa maumivu na kukiacha kimekakamaa katika mkao mzuri. Kwenye njia tambarare watu wengi hutembea bila jirani kujua, kwa sababu viungo vingine vya unyayo huchukua sehemu ya kazi.

Yapo yatakayobadilika, na ni haki yako kuyajua kabla ya kutia sahihi. Kukimbia kutakuwa kugumu, na vivyo hivyo kupanda mlima. Kuchuchumaa kikamilifu kutakushinda, kwa hiyo panga mapema choo cha kukaa au kiti kilichotobolewa, na kama kikao cha sala kitakuwa kigumu, sali kwenye kiti. Dereva wa bodaboda akumbuke kwamba gia hukanyagwa kwa mguu wa kushoto na breki ya nyuma kwa mguu wa kulia. Amwambie daktari kazi yake kabla ya upasuaji, asingoje baada. Viungo vya jirani navyo vinaweza kuchakaa miaka mingi baadaye kwa kuwa vimeongezewa kazi.

Nitakaa muda gani bila kukanyaga?

Baada ya kuunganishwa, kwa kawaida wiki 6 hivi bila kuukanyaga mguu kabisa, ukitumia magongo, kisha wiki nyingine kadhaa ukikanyaga kidogo kidogo ndani ya hogo au kiatu maalumu. Picha ya eksirei ndiyo itakayoruhusu hatua inayofuata. Uvimbe unaweza kuendelea kwa miezi, na nguvu hurudi taratibu hadi kufikia mwaka mmoja. Panga upasuaji baada ya mavuno, usipange Novemba halafu Desemba mvua inyeshe uone wenzako wanapanda uwele nawe ushike jembe. Nafuu ya wiki ya nne ni nafuu ya kidonda, mfupa bado haujaunga.

Sigara na ugoro vina uhusiano gani na mfupa?

Uhusiano mkubwa. Tumbaku hupunguza damu inayofika mahali mfupa unapoota, na mvutaji yuko katika hatari kubwa zaidi ya mfupa kukataa kuunga. Acha wiki kadhaa kabla, na usirudie. Mwenye kisukari naye aidhibiti sukari kwanza.

Kijana wangu ameanguka na pikipiki jioni hii. Tusubiri asubuhi?

Kama kifundo kimepinda, mfupa umetoboa ngozi, vidole vimekuwa vya baridi au vya rangi ya majivu, au hahisi unapomgusa, nendeni usiku huu huu. Kama hayo hayapo, mlazeni, inueni mguu juu ya mito, wekeni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kisha pumzisheni, na msimruhusu akanyage. Mtu akija na mafuta na maji ya moto, mkaribisheni chai. Asubuhi mpelekeni penye mashine ya eksirei.