Haidrojeni ya Enceladus, mbona haijaliwa?

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kemia ya maji yaliyo nje ya Dunia, huniuliza kuhusu Mirihi. Jibu langu huwakatisha tamaa, maana macho yangu yako mbali zaidi: Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Juu ni barafu tupu, kwenye baridi ya nyuzi 200 chini ya sifuri. Chini ya barafu kuna bahari iliyouzunguka mwezi mzima. Tumelijua hilo kwa sababu ganda lake huyumba kupita kiasi. Lingekuwa limegandamana na mwamba, lisingeyumba hivyo.

Uzuri wake ni kwamba si lazima uchimbe. Kwenye ncha ya kusini kuna nyufa nne ndefu, na humo bahari hurusha mvuke na chembe za barafu hadi angani. Chombo cha Cassini kiliugundua mvuke huo mwaka 2005, kisha kikapita katikati yake mara kadhaa kikiuonja.

Kipimo ninachokirudia kila mara ni cha tarehe 28 Oktoba 2015, Cassini ilipopita kilomita 49 tu juu ya nyufa ikisaka haidrojeni. Gesi hiyo ilikuwa imeshaonekana katika safari za awali, ila hakuna aliyethubutu kuiamini. Chembe za barafu zilikuwa zikigonga kuta za metali ya titani ndani ya kipimaji kwa kasi kubwa, na maji yakikutana na titani namna hiyo huzalisha haidrojeni. Yaani kifaa kinajitengenezea kile kile kilichotumwa kukipima! Safari hii kilitumika kwa njia ya wazi, gesi ikaingia bila kugusa kuta. Haidrojeni bado ilikuwepo, kati ya asilimia 0.4 na 1.4 ya gesi yote.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba inatoka sakafuni mwa bahari. Maji moto yakipenya kwenye mwamba wenye madini ya chuma, chuma hunyakua oksijeni ya maji na haidrojeni huachwa huru. Hapa duniani kuna vijidudu vinavyoishi kwa kuunganisha haidrojeni na kaboni dayoksaidi, vikatoa methani. Jua havina haja nalo. Ndani ya mvuke wa Enceladus gesi zote tatu zimo.

Halafu kuna fosfati, kirutubisho ambacho uhai hauwezi kukikosa, iliyotangazwa mwaka 2023. Bahari ile ni ya magadi, na katika maji ya namna hiyo kaboneti hufunga kalisi, kwa hiyo fosfati hukosa wa kuzama naye na hubaki imeyeyuka, angalau mara 100 zaidi kuliko katika bahari zetu. Anayeyajua maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa hatashangaa. Maji yale huchoma ngozi, na bado yamejaa vijidudu vinavyolisha heroe kwa maelfu.

Sasa, hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wenye matumaini mengi. Kama chakula kimeandaliwa na walaji wapo, mbona sahani bado imejaa? Haidrojeni inayomwagika bure angani inaweza kuwa ushahidi kwamba hakuna anayeila. Sisemi kwamba hoja hii inamaliza mjadala. Chini ya Atlantiki, mahali panapoitwa Lost City, minara ya chokaa hutoa haidrojeni tele ilhali kuta zake zimejaa vijidudu. Basi haidrojeni inaweza kubaki hata walaji wakiwepo: huenda maji hupita haraka, au ni moto mno, au kirutubisho kingine ndicho kilichoadimika. Lakini mtu akiniambia haidrojeni ni dalili ya uhai, nampinga. Ni dalili ya nishati, basi.

Methani nayo haitoshi, kwa kuwa mwamba unaweza kuitengeneza wenyewe. Mimi ningepima asidi za mafuta ndani ya chembe za barafu. Viumbe hai huziunda kwa kuongeza kaboni mbili mbili, ndiyo maana zenye kaboni 16 au 18 hujaa kwenye seli na zenye 17 huwa chache. Kemia isiyo na uhai haina upendeleo huo. Vifaa vya Cassini, vilivyobuniwa kabla ya yeyote kujua kuhusu mvuke huu, havikuweza kuzitenganisha molekuli kubwa kiasi hicho, na mwaka 2017 chombo kiliteketezwa ndani ya Zohali. Europa Clipper, iliyorushwa Oktoba 2024, imebeba kichunguzi bora zaidi cha chembe, ila inaelekea Europa, mwezi wa Mshtarii, ambako bado tunabishana kama mvuke upo.