Kamusi na msamiati: maana na asili

Neno "kamusi" tumelipata kwa Waarabu, ambao husema qamus. Kwao, zamani, qamus haikuwa kitabu bali bahari, hasa pale penye kina kirefu. Wanaisimu wengi hulirudisha nyuma zaidi, hadi okeanos ya Kigiriki, yaani yale maji makuu ambayo Wagiriki wa kale waliamini yanaizunguka dunia.

Bahari iligeukaje kitabu? Kwa sababu ya mtu mmoja. Al-Firuzabadi, mwanachuoni mzaliwa wa Uajemi aliyefia Zabid, Yemen, mwanzoni mwa karne ya 15, alikusanya maneno ya Kiarabu katika kitabu alichokiita al-Qamus al-Muhit, bahari izungukayo. Kikapendwa na kunakiliwa mno, hata watu wakakata jina na kubaki na qamus tu, na vitabu vingine vya namna hiyo vikaitwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto wa Mwanza, aliyekulia kwenye maji baridi ya ziwa, akifungua kamusi anafungua bahari.

Msamiati ni kitu kingine, ingawa wengi huvichanganya. Ni jumla ya maneno: ya lugha nzima, ya fani moja, au ya mtu mmoja. Hauhitaji kitabu. Shuka Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza, asubuhi usikilize: sangara, sato, furu, kamongo, kayabo, mabondo, kokoro, karabai. Huo ni msamiati wa uvuvi na biashara ya samaki, na mchuuzi anautumia bila kusita hata kama hajawahi kushika kamusi maishani. Kamusi huja nyuma yake, ikikusanya, ikipanga kwa alfabeti na kueleza. Na kwa maoni yangu huchelewa sana kufika huku kanda ya ziwa.

Neno linaloorodheshwa ili lielezwe huitwa kidahizo, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama. "Mitumbwi" usiitafute penye mi-. Nomino huingizwa kwa umoja, basi nenda penye "mtumbwi". "Hawakuvua" nayo haimo: ondoa viambishi, ubaki na "vua". Ukifika hapo utakuta "vua" zaidi ya moja, kila moja na namba yake. Kuna ya samaki, kuna ya nguo. Ni maneno mawili tofauti yaliyokutana kwenye sauti tu.