Mbalanga si ugonjwa wa kuambukiza

Soko la Mbuyuni, Moshi: mama muuza ndizi mwenye mabaka meupe ya mbalanga viganjani huwekewa pesa juu ya meza, si mkononi. Watu wanaogopa kuambukizwa, wengine husema karogwa. Yote mawili si kweli.

Katika mbalanga, kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe. Seli T, askari wa kinga hiyo, huziua melanositi, seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Seli T zikishambulia hutoa intaferoni gama, kemikali ya kupeleka ishara, nayo huifanya ngozi iite seli T nyingine zaidi. Kwa kawaida zipo seli T za udhibiti zinazozituliza. Hapa breki hizo hazishiki vya kutosha. Hata rangi ikirudi, baadhi ya washambuliaji hubaki wamejibanza ngozini, ndiyo maana baka huweza kujirudia palepale.

Na anayedhani ni ukoma: baka la ukoma mara nyingi hufa ganzi, la mbalanga huhisi mguso kama kawaida. Mwenye shaka apimwe. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi tangu 1992.

Tiba zipo: krimu za steroidi na mwanga maalumu. Krimu ya ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani kwa mbalanga mwaka 2022, huzima ishara ya intaferoni hiyo, ingawa bei yake si ya mfuko wa muuza ndizi.