Daftari la makosa likiwa tupu, ogopa

Wiki iliyopita niko kwenye kikao cha robo mwaka, chai imeshapoa, slaidi ya kumi na ngapi sijui, msimamizi wa kitengo kimoja akasimama akasema kwa furaha kabisa, "Kwetu tunamshukuru Mungu, robo hii tukio hata moja hatuna. Sifuri." Makofi. Yaani watu wakapiga makofi! Mimi nikakaa kimya, maana nilishaongea kikao kilichopita na cha kabla yake, nikifungua mdomo tena watasema Mzee wa ISO, yaani wa viwango vya ubora, kaanza. Basi naandikia huku, atakayesoma asome.

Mimi ni afisa ubora wa maabara ya hospitali. Najua jamaa zangu wa viwandani na hata wa benki wanalia kilio hikihiki, ila nitaongelea ninapopajua. Kitengo kinachopokea sampuli mia mbili kwa siku, wodini, OPD kwa wagonjwa wa nje, leba, usiku kuna mtu mmoja na mashine tatu, halafu kinaniambia miezi mitatu hakuna lebo iliyokosewa, hakuna tyubu ambayo damu imeganda, hakuna majibu yaliyochelewa, hakuna friji iliyopanda joto na umeme wetu mnaujua wenyewe... hicho kitengo hakina ubora, kina woga. Au kina uvivu wa kuandika. Mara nyingi vyote viwili.

Ngoja niwape mfano. Chati ya joto la friji, ile karatasi inayobandikwa mlangoni kwa seloteipu, ina vyumba 31, asubuhi na jioni, friji inatakiwa icheze kati ya nyuzi 2 na 8. Mwaka mmoja Juni imeisha, nabandua karatasi niifaili, naangalia: 4, 4, 4, 5, 4, 4, 4. Peni moja, mwandiko mmoja, mwezi mzima, kana kwamba huyo mtu hana wikiendi wala hajui kuumwa. Nikashuka nayo mpaka chini kabisa. Tarehe 31 Juni, asubuhi nyuzi 4, jioni nyuzi 4, na sahihi juu yake. Juni ina siku 30 jamani! Nilicheka mpaka nikatafuta kiti, halafu kicheko kikakata chenyewe, kwa sababu ndani ya friji ile kulikuwa na kontroli, yaani sampuli ambazo jibu lake tunalijua na tunazijaribia mashine, na vitendanishi, zile kemikali za kupimia, tulivyopimia wagonjwa mwezi mzima, na hakuna binadamu anayejua vilikaa kwenye joto gani.

Kila niliyemsimulia alitaka jina kwanza. Nani huyo, apewe barua. Nikamwita kijana, akaja, "Shikamoo mzee," akakaa, wala hakunizungusha. "Mzee, mwezi wa nne niliandika 11. Nikaitwa ofisini nikaulizwa kwa nini nimeacha friji ipande. Sasa mimi ndo niliipandisha? Tangu siku hiyo friji yangu haijawahi kuumwa."

Ungemjibu nini? Mimi nilinyamaza. Alisema ukweli mara moja, akalipwa kwa kuitwa ofisini, akajifunza haraka, kijana mwenye akili.

Na nisijifanye mtakatifu, ubao mbaya kuliko wote niliutundika mimi mwenyewe. Naanza hii kazi, nimetoka kozi, nina moto, nikaweka ubao koridoni wenye majina ya watumishi na idadi ya makosa ya kila mmoja kwa mwezi, eti tushindane kuboresha. Mwezi wa kwanza makosa 40 na kitu. Wa pili 12. Wa tatu mawili. Nikaandika ripoti ndefu nikaipeleka kwa bosi, nikasifiwa, nikatembea kifua mbele. Siku hiyohiyo nakunywa chai na dada mmoja wa mapokezi ya sampuli, nikamwambia unaona tulivyobadilika, akaniangalia kwa huruma. "Kaka, hatujabadilika. Siku hizi tunamalizana wenyewe." Lebo ikikosewa wanapigiana simu na nesi, inabandikwa nyingine juu yake, maisha yanaendelea. Ubao niliutoa jioni ileile lakini daftari lilikaa karibu mwaka mzima ndo likaanza kuandikwa tena. Woga niliuingiza kwa wiki nane, kuutoa ikachukua mwaka.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko vyote, chati ya kontroli, ile unayoweka nukta ya jibu la kontroli kila siku, na wa maabara watanielewa. Wataalamu wawili, Levey na Jennings, waliileta kwetu maabara mwaka 1950 wakiitoa viwandani, na hesabu yake haina ushabiki: mashine ikiwa nzima kabisa, haina tatizo lolote, karibu nukta 1 kati ya 3 itatoka nje ya SD 1 (SD ni kipimo cha majibu yanavyotawanyika kutoka kwenye wastani), na karibu 1 kati ya 20 itatoka nje ya SD 2. Mashine NZIMA. Kwa hiyo ukiniletea chati ya siku 30 nukta zote zimejipanga mstari wa katikati kama wanafunzi wa paredi, mimi sikupi hongera, nakuuliza hiyo SD umeipata wapi. Jibu ni moja kati ya mawili. Ama umechukua ya kwenye karatasi ya mtengenezaji ambayo ni pana kama uwanja wa mpira, hukukaa kukokotoa ya mashine yako mwenyewe, ama kuna mtu anarudia kontroli mpaka ikubali, na anayoiandika ni ile iliyokubali. Hii ya pili ndo ugonjwa wetu. Ya kwanza imegoma, anarudia, imegoma, anarudia, ya tatu imeingia, anashukuru Mungu anapima wagonjwa. Ndugu yangu, wewe hujatengeneza chochote hapo, umerusha sarafu mpaka ikaangukia upande unaoupenda! Mashine ni ileile, kitendanishi ni kilekile, na zile mbili zilizogoma ndo zilikuwa zinakuambia kitu.

Kuna anayenisoma atasema lakini mzee ikitoka SD 2 tu si ni onyo, siyo lazima ukatae. Sawa, kanuni za Westgard, zile za kuamua kontroli ikubaliwe au ikataliwe, nazijua, SD 2 mara moja ni onyo, SD 3 unasimamisha, mbili mfululizo upande uleule nje ya SD 2 unasimamisha. Ila onyo maana yake unaliandika na unaangalia jana na juzi palikuwaje. Halimaanishi unalifuta. Na mtu halifuti kwa sababu ni mwizi, analifuta kwa sababu anajua mkuu akiona nyekundu kwenye chati atauliza nani alikuwa zamu.

Umeona inarudi palepale.

Halafu hizi hatua za marekebisho, Mungu wangu. Chukua daftari la taasisi yoyote, fungua ukurasa wowote: chanzo cha tatizo, mtumishi hakuwa makini, hatua iliyochukuliwa, ameelimishwa, hali, imefungwa. Kurasa na kurasa. Tuna watumishi walioelimishwa mara tisa kwa kosa lilelile, wangekuwa na digrii sasa hivi.

Siku moja daktari wa watoto akapiga simu amekasirika, potasiamu ya 9.1, kiwango cha kuhatarisha maisha, na mtoto amekaa kitandani anakula biskuti. Kalsiamu kuangalia iko chini ajabu. Wa maabara mshajua, damu ya tyubu ya kifuniko cha zambarau imemiminwa kwenye ya kifuniko chekundu, ile dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye zambarau ndo yenye potasiamu na ndo inayokamata kalsiamu. Jibu la kawaida lingekuwa nesi aelimishwe. Nikapanda wodini mwenyewe. Nesi akanieleza taratibu: mtoto kachomwa mara tatu, mshipa haupatikani, mama analia pembeni, damu ilipotoka ikaingia nyingi kwenye zambarau na nyekundu ikabaki na tone, akaona asimchome mara ya nne, akaigawa. Mimi ningekuwa yeye labda ningeigawa vilevile. Kwa nini hakutumia tyubu ndogo za watoto? Hazipo wodini. Kwa nini hazipo? Stoo zipo, maboksi, ila fomu ya kuagizia imeandikwa "tyubu" basi, na stoo wakisoma "tyubu" wanatoa kubwa. Tukaongeza mstari mmoja kwenye fomu. Mstari mmoja! Na nesi nikamwomba awaeleze wenzake ile habari ya kumimina, maana kweli alikuwa haijui, ila akaeleza kama mwalimu wao, siyo kama mtuhumiwa.

Ya Toyota mnayajua, ile kamba ambayo mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta na kiongozi wake anakuja pale alipo. Watu wakisikia wanataka kununua kamba. Kazi iko kwenye uso wa yule kiongozi anapofika, akifika amekunja ndita, kesho kamba haivutwi, hata uiweke ya dhahabu. Na Deming, yule Mmarekani wa mambo ya ubora aliyewafundisha Wajapani, naye mwaka 1950, kwenye zile nukta zake 14 aliweka kufukuza woga kazini, na akaweka pia kuacha kaulimbiu na mabango. Sisi hilo la mabango tumelisoma kinyume. 5S, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga sehemu ya kazi, imeingia hospitali zetu tangu 2007, Mbeya ndo ikaanza, na Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia kila ukuta inayo. Ni kitu kizuri, kweli nasema, droo yenye mpangilio imeniokoa mara nyingi. Lakini nimeona droo zina lebo za kuvutia na ndani ya droo kuna soksi.

Nyota nazo hivyohivyo. Kwenye SLIPTA, ule mpango wa WHO Afrika wa kupima ubora wa maabara kwa nyota, nyota tano ni kuanzia asilimia 95, na ninafurahi tukizipata kama mtu yeyote, ila ukitaka kujua maabara usiende siku ya mkaguzi, nenda Jumapili saa tisa usiku.

Sasa yale ambayo kwenye kozi hawasemi. Kwanza, hii ya kutolaumu sijui mwisho wake uko wapi. Niliwahi kuwa na mtu anakuja zamu amelewa, na bado wakaniambia tuangalie mfumo. Mfumo gani, mfumo wa bia? Yule nilimpeleka kwa mkuu na ningempeleka tena, lakini nakiri mstari huo naukisia kila mara, na nimewahi kuukosea pande zote mbili. Pili, hakuna kaizen, yaani maboresho ya kidogokidogo ya Kijapani, inayozaa mtumishi wa pili usiku, kuna makosa ambayo dawa yake ni ajira na mimi nikienda na fomu zangu naonekana kichekesho, na wana haki. Tatu, uhamisho. Nimeona sehemu ilijengwa miaka minne, watu wanaandika makosa yao wenyewe bila kuulizwa, mkuu akahamishwa, akaja mwingine akauliza siku ya kwanza tu, "Mbona huku kuna makosa mengi hivi?" Mwezi mmoja baadaye daftari likawa jeupe pee. Kwa hiyo ukiniuliza kama huo ni utamaduni wa taasisi au ni tabia ya bosi mmoja tu, siku nyingine sina jibu.

Yule kijana wa 31 Juni bado tuko naye. Jumatatu nimepita kwenye friji yake, chati ina wino wa rangi mbili na doa la chai. Jumapili usiku kaandika 9.4, pembeni kwa herufi ndogo: "Mpira wa mlango umeachia. Nimehamishia friji ya benki ya damu, rafu ya chini, nimeongea nao. Fundi kapigiwa mara 3 hapokei." Nikampigia fundi mimi. Na mimi hakupokea.