Kipuri cha Bastola Kikikataa Kuingia, Weka Tupa Chini

Kila Septemba Umoja wa Afrika huadhimisha mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu, na mazungumzo mengi huenda moja kwa moja kwenye bunduki za wezi wa mifugo na zinazopenyezwa mipakani. Mimi nazungumza na kundi jingine: mwananchi wa Kenya mwenye bastola halali na cheti ambacho muda wake haujaisha, ambaye amenunua kipuri mtandaoni au akiwa safarini nje ya nchi, kimekataa kukaa, na sasa anatafuta fundi wa kukikwangua. Mtu huyu si mhalifu na hana nia mbaya. Lakini yuko karibu sana na hatari mbili, moja ya mkono wake na nyingine ya mahakama.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui ni kwamba vipuri havifuati jina la bastola peke yake. Glock 17 ni jina moja, lakini ya kizazi cha tatu na ya kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2010, zina springi tofauti za kurudisha slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda nyuma na mbele kila risasi inapopigwa. Ya nne ni springi mbili, moja ndani ya nyingine, na tundu la mbele la slaidi lilipanuliwa ili zienee. Ukiweka ya zamani kwenye slaidi mpya, itacheza. Mpya kwenye slaidi ya zamani haipiti. Na springi si kitu kidogo: mwaka 2011 mtengenezaji mwenyewe aliwabadilishia wateja springi za kizazi hicho cha nne. Kama kiwanda kilichobuni bastola kilirekebisha springi yake baada ya kuiuza, wewe uliyeipima kwa macho unapata wapi uhakika?

Ni hivyo hivyo kwa CZ, bastola za Ucheki ambazo sisi huziita Ceska. CZ 75 ya awali na CZ 75 B ukiziweka mezani zinafanana, ila herufi B inamaanisha ndani mna kizuizi kinachoishika pini ya kupigia risasi mpaka triga ivutwe. Sehemu za ndani za bastola hizo mbili si za kubadilishana ovyo. Zile zinazotengenezwa Italia, Israel na Uturuki kwa kufuata umbo la CZ 75 ndizo usijaribu kabisa, hata kama muuzaji ameandika kwamba zinaingiliana.

Mtutu ndio unaoleta matatizo makubwa zaidi. Mitutu mingi ya mashindano huuzwa ikiwa imeachwa minene makusudi, ili fundi aliyesomea silaha aipunguze kidogo kidogo kwa vipimo maalumu hadi ikubaliane na slaidi moja tu, ile iliyo mbele yake. Mnunuzi anapoona haiingii hudhani ameuziwa mbovu, kisha anaitafutia tupa na msasa, au anaipeleka jua kali kwa fundi hodari wa kuchonga vyuma ambaye hajawahi kufundishwa bastola. Ubingwa wa kuchonga vyuma haumfanyi mtu kuwa bingwa wa silaha. Akipunguza upande usiohitaji kupunguzwa, mtutu utaingia na slaidi itafunga vizuri kwa macho, lakini kufungana kwake kumeshapotea. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi.

Kwa nini nalitilia mkazo? Risasi ya milimita 9 ya kawaida imewekewa kikomo cha presha cha bar 2350 kwa viwango vya tume ya kimataifa ya kupima silaha, CIP. Tairi la gari lako lina bar mbili na kitu. Katika nchi zinazofuata viwango hivyo, kila bastola mpya hupigwa risasi ya majaribio yenye presha iliyozidi kikomo hicho kwa asilimia 30, na ikipita hugongwa alama. Kinachoizuia presha hiyo isikufikie ni mtutu na slaidi zilizofungana sawasawa. Zisipofungana, linalobaki ni ganda jembamba la risasi, la shaba nyeupe, ambalo halikuundwa kuibeba peke yake. Likipasuka, moto hushuka kwenye magazini na mkononi, na vipande huweza kufika usoni.

Kwa hiyo dalili ni hizi, na ukiziona unaacha: slaidi isiyofunga mpaka mwisho bila kuisukuma kwa kidole gumba, ganda linalotoka limevimba au limechanika, triga isiyorudi mbele. Usiseme itajilainisha ikitumika.

Kuhusu triga nyepesi sitasema mengi. Mwaka 2017 kampuni ya SIG Sauer iliwapa wenye bastola zake za P320 nafasi ya kuzirudisha kwa hiari zibadilishwe triga, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zingeweza kujifyatua, na marekebisho hayo yalihusu kupunguza uzito wa triga yenyewe na sehemu zinazofanya kazi nayo. Uzito wa triga huhesabiwa pamoja na uzito wa kila kitu kinachoigusa. Anayebadilisha kimoja bila kujua vingine anabahatisha kwa kitu anachokivaa kiunoni katikati ya watu.

Sasa sheria, na hapa naomba tuelewane. Nimechoka kusikia “hicho ni chuma tu, bastola ni ile yenye namba.” Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inapofafanua silaha inajumuisha sehemu yoyote inayoiunda, pamoja na kifaa cha kupunguza mlio au mwali wake. Mtutu ulio peke yake kabatini, mbele ya sheria, ni silaha. Kifungu cha 4 hakimgusi asiye na cheti pekee. Kinamgusa pia mwenye cheti anayemiliki silaha kinyume na cheti hicho kilivyomruhusu. Ukipatikana na hatia unakabiliwa na kifungo cha miaka gerezani. Cheti chenyewe kinaweza kufutwa, na kikifutwa utatakiwa kuitoa hata ile bastola yako ya halali. Kuagiza kutoka nje bila kibali ni kosa la pekee, wala kuandika “vifaa vya michezo” kwenye fomu ya forodha hakulifuti. Na fundi anayetengeneza silaha kama biashara lazima awe amesajiliwa kuwa mfanyabiashara wa silaha, kwa hiyo ukimpelekea asiyesajiliwa unamwingiza naye.

Kuna sababu ya ukali huu. Kwenye Glock namba imegongwa kwenye fremu, slaidi na mtutu, zote zikilingana. Mifereji ya ndani ya mtutu huacha alama kwenye kila kichwa cha risasi kinachopita, na wataalamu wa uchunguzi hutumia alama hizo kuilinganisha risasi na bastola. Ukibadilisha mtutu kimyakimya, rekodi zilizopo haziizungumzii tena bastola yako.

Utaratibu si mgumu kama watu wanavyosema. Kabla ya kulipa chochote, nenda kwa mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa ukiwa na nakala ya cheti, bila bastola. Mwambie aina, kizazi na namba. Yeye ndiye anayejua kama kipuri kinaingia, na ndiye wa kufuatilia kibali cha kukiingiza nchini. Usilipe kwanza ukaomba kibali baadaye. Kikifika, kinapelekwa kwake, si nyumbani kwako. Siku ya kupeleka bastola, itoe magazini, vuta slaidi nyuma uhakikishe chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu, beba risasi mbali nayo, na uwe na cheti halisi pamoja na kitambulisho. Akimaliza, mwachie aijaribu yeye. Kama kilichobadilishwa kina namba, hakikisha Bodi ya Leseni za Silaha imearifiwa kwa maandishi, na uhifadhi nakala yenye mhuri.

Kama tayari unacho kipuri ulichokileta bila kibali, usikiuze, usimpe rafiki, usikitupe jalalani au mtoni. Kiache kilipo, kikiwa kimefungiwa, na uzungumze na wakili au kituo cha polisi juu ya namna ya kukisalimisha kabla hujakitoa nyumbani. Na usikitume kama kifurushi kwenye matatu ya kwenda mjini: dereva akisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, yeye ndiye atakayekutwa na silaha asiyoijua.